Mahali pa Kumpeleka Mzee Kwato

Sogea hapa nikutegee. Waendao safari wote humkanyaga, warudio nao humkanyaga, na mwenyewe hajawahi kufika hata njia panda. Nani huyo?

Fikiri. Usitazame juu, jibu haliko darini.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Ndivyo ilivyo tangu zamani, anayeshindwa kitendawili humpa mwenzake mji. Mimi nimepewa miji mingi maishani, na watoto, na wajukuu, na majirani, hata na mwalimu wangu wa darasa la nne, ila sijafika hata mmoja. Wako nao nimeupokea, asante. Jibu ni kizingiti cha mlango. Na siku nilipokitunga kitendawili hicho nilikuwa namtazama mume wangu akivua mabuti.

Mume wangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika kilabu ya polo iliyo nyuma ya mtaa wetu. Miaka thelathini na minane. Polo, kwa asiyeijua, ni watu wanne kwa wanne juu ya farasi, kila mmoja na gongo lake refu, wakiukimbiza mpira mweupe usiozidi kitunguu. Farasi huchoka upesi, kwa hiyo kila kipindi mchezaji hubadilisha. Sasa yule anayesimama pale mstarini na farasi wa pili, ameshamtandika, ameshamfunga mkia usije ukanaswa na gongo, na gongo la akiba kalibana kwapani, ndiye mume wangu. Mchezaji anashuka huku, anapanda kule, huyoo anakwenda. Mume wangu anabaki na farasi anayefuka jasho.

Walimwita Mzee Kwato, maana salamu zake zilianzia chini. Akikutana na farasi humwinua mguu kwanza, akikutana na mtu humtazama viatu. Mimi siku ya kwanza alinitazama viatu akasema, "Kisigino cha kushoto kimelika. Una haraka wewe." Nikaolewa na mtu huyo, na sijajuta. Kwato hizo zimetusomeshea mtoto mpaka akawa mkunga. Kila nionapo farasi namshukuru kimoyomoyo, hata kama simjui.

Siku ya kumuaga, wachezaji walikusanyika mbele ya mabanda. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa daktari wa meno, ambaye farasi wake watano mume wangu aliwalea kama yatima. Hao wawili hawaachi kutaniana, maana mume wangu naye alikuwa akiwasugua farasi meno kwa tupa.

"Mimi na huyu kazi yetu ni moja," daktari akasema, "ila wagonjwa wangu hunikimbia, wake hawamkimbii."

"Watakimbilia wapi?" mume wangu akajibu. "Mimi hufunga mlango kwanza."

Walipokwisha kucheka, daktari akatoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na likizo ya polo, wiki nzima, kwa watu wawili, mahali popote atakapopachagua mwenyewe katika kijitabu cha wakala wa safari. Kila kitu kimeshalipiwa, ila jibu lipelekwe kabla ya Ijumaa kwisha, maana nafasi ni chache. Nililia pale pale na sikuona haya. Wangapi husimama mstarini maisha yao yote, na mchezo ukiisha hakuna anayegeuka kuwatazama? Wetu waligeuka.

Kisha daktari akamshika bega, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Mzee wangu, nina swali limenikaa kooni miaka mingi. Muda wote huo unatushikia farasi, ulitamani kucheza?"

Mume wangu akakohoa. Akainamisha macho. "Yule wa kahawia kiatu cha nyuma kimelegea," akasema, akaenda zake.

Watu wakacheka. Mimi nikamfuata. Nilimkuta ameinua mguu wa yule farasi, kaushika tu, hagusi kitu. Kiatu kilikuwa kimekaza barabara.

Kesho yake tukakifungua kijitabu mezani. Binti yetu alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya wodini, hata sare hajavua. Mahali palikuwa patatu. Pa kwanza ufukweni, hoteli nyeupe, na siku hizo kuna mashindano makubwa. Mgeni huketi chini ya mwavuli akitazama, na kinywaji kinamfuata alipo. Pa pili milimani, jumba la mawe, chai kwenye vikombe vyembamba na gwaride la farasi kila alasiri. Pa tatu ni shamba tambarare lenye nyumba ya vyumba sita, halina bwawa wala muziki. Huko unafundishwa kucheza, na mwisho wa wiki wanafunzi wanapambana wenyewe kwa wenyewe.

"Ufukweni," binti yangu akasema hata kabla sijavaa miwani. "Mama anatia miguu majini, baba anakaa kitini. Imekwisha hiyo."

Baba yake alikuwa amekiinamia kijitabu na kile kioo cha kukuzia anachochunguzia kwato.

"Baba, unatafuta nini humo?"

"Huyu farasi wa ufukweni kafungwa mkia na mtu mwenye haraka zake."

"Lo! Sisi tunaangalia vitanda, mwenzetu anaangalia mikia!"

"Kitanda hakipati vidonda."

Akafunua ukurasa. Milimani napo akapata kasoro: tandiko limelazwa chini, kwenye majani yenye umande. "Ngozi nzuri namna hii. Hawa siendi kwao."

"Umealikwa kustarehe, baba. Hukuitwa ukaguzi."

Ukurasa wa tatu alikaa nao. Kioo kikaenda, kikarudi. Nikasubiri nisikie kosa, sikusikia. Binti yangu naye aliona, kwa sababu aliufunika ule ukurasa kwa kiganja chake.

"Na hapa usipatazame kabisa. Hapa ni pa wanaocheza. Una miaka sitini na miwili, na goti lako linalia kama mlango wa ghala. Kazi yangu mimi ni kupokea wanaozaliwa. Sitaki kumpokea mtu aliyevunjika nyonga."

"Nani kasema nacheza?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi."

Nami nilikuwa upande wa binti yangu. Sitakuficha. Nilikuwa na tamaa moja tu, kumwona mtu huyu ameketi. Miaka yote ile nimemwona akiwa wima, mvua ikimnyeshea, jua likimchoma, farasi wa mtu mkononi. Nikasema moyoni, wiki moja tu na aketi kitini, aletewe.

Fomu katika nyumba yetu huzijaza mimi. Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni wa duara na unasomeka. Yeye huandika kwa mkono wa kushoto na kuupitisha juu ya wino, karatasi ikawa kama imelambwa na ndama. Basi nikajaza. Mahali: ufukweni. Palipoulizwa kama mgeni ni mchezaji au mtazamaji, nikaandika: watazamaji wawili. Nikamsomea.

"Sawa," akasema.

Sasa, mume wangu ana "sawa" tatu. Ya kwanza ni ya kukubali, na ukiisikia ameshasimama. Ya pili ni ya chakula. Ya tatu ndiyo anayomwambia farasi anapochomwa sindano: sawa, sawa, yanakwisha. Niliyoisikia ilikuwa hiyo ya tatu. Nikajifanya nimesikia ya kwanza.

Ijumaa tukaenda kwa wakala. Ofisi ile iko juu ya duka la viatu, ngazi zake nyembamba, na mume wangu alizipanda akilishika goti kana kwamba linataka kusema neno. Ndani mna meza, feni, na ramani ya dunia iliyochomwa pini zenye vichwa vyekundu. Wakala alikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa kucheka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaipitia fomu. "Ufukweni, watazamaji wawili. Hongereni! Mzee, nisaidie sahihi yako hapa chini, niwatumie leo leo."

Mume wangu akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Kalamu ikagoma. Akaitikisa, ikagoma. Basi akafanya tunavyofanya sote, akakikunjua kiganja cha kulia na kuisugua ncha ya kalamu hapo ili wino utoke.

Nikaiona sugu. Ilikuwa ngumu, ya manjano, chini ya vidole viwili, na kando yake ngozi bado nyekundu.

Nimeishi na mikono hiyo miaka arobaini. Koleo la samadi hulisukuma kwa kushoto, brashi huishika kwa kushoto, mimi mwenyewe hunishika kwa kushoto. Mkono wake wa kulia hauna kazi. Ila polo, na hili nimelijua kwa kuishi kandokando yake, huchezwa kwa mkono wa kulia tu, hata uwe wa kushoto vipi, la sivyo farasi watagongana uso kwa uso.

Ndipo nikakumbuka. Mchana mmoja, miaka mingi nyuma, nilimpelekea chakula saa ambayo farasi wanapumzika na wachezaji hawapo. Nyuma ya mabanda kuna farasi wa mbao ndani ya wavu, ambaye wanaoanza hujifunzia kupiga mpira. Nilisikia ta! ta! ta! Nikamkuta amempanda yule wa mbao, gongo mkono wa kulia. Akaniambia amemtengeneza mguu, anaujaribu kama umeshika. Nikaamini, nikafungua bakuli tukala. Lakini mguu wa mbao hujaribiwa mara moja. Haumwoteshi mtu sugu.

"Subiri," nikasema, nikaweka mkono juu ya fomu.

"Kuna tatizo, mama?" wakala akauliza.

"Lipo, mwanangu. Fomu hii ina uongo, na mwandishi wake ni mimi."

Wakala alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akafungua droo taratibu na kutoa fomu nyingine, tupu. Mungu ambariki, hakuuliza zaidi. Nami namshukuru aliyeitengeneza kalamu ile mbovu, popote alipo.

"Baba watoto," nikasema. "Daktari alikuuliza neno, ukamkimbia. Mimi nimelala nawe kitanda kimoja umri wote huu na sikukuuliza. Leo nakuuliza, na humu ndani hamna farasi."

Akatazama viatu vya wakala. Akatazama vyangu. Akakivuta kijitabu, akafunua ukurasa wa tatu, akaweka kidole.

"Hawa wa shamba mikia wanafunga vizuri," akasema.

"Sikukuuliza mikia."

Wakala akajifunika mdomo.

"Na goti?" akauliza mume wangu. "Na binti yako?"

"Binti yangu atapiga kelele, kisha atatufungia bandeji ndani ya begi. Namjua, nimemzaa. Wewe jibu ulichoulizwa."

Akakikunja kiganja chake cha kulia, akakikunjua, akakitazama kama anayemkagua farasi wa mtu.

"Nilitamani," akasema. "Kila Jumamosi, mama watoto. Hata ile Jumamosi uliyomzaa binti yetu."