Tela ya Hema ya Noreen Baran

Noreen Baran hakumwuliza mtu alipoinunua ile tela. Aliiona nyuma ya ghala la mkulima mmoja kando ya barabara ya kwenda Melville, imezama kwenye majani makavu, akasimamisha gari, akagonga mlango, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa anaingia nayo mjini kwao Yorkton akiivuta nyuma ya gari lake, redio juu, mwenyewe anaimba.

Ilikuwa tela ya hema, ya zile ambazo zikifungwa ni sanduku pana lililolala juu ya magurudumu. Ukizungusha mpini wa winchi paa linapanda, unavuta vitanda viwili nje, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kuta za turubai zinanyooka kuzunguka kila kitu. Hii ya Noreen ilipofunguliwa uani, paa lilipanda pembe tatu tu. Ya nne iligoma. Harufu ya panya ikatoka kuwalaki.

Mumewe, Garth, alikuwa ametoka zamu ya mgodini na usingizi bado umemjaa machoni. Aliizunguka taratibu, akachungulia ndani, akajikuna kichwa.

"Wewe ndiye uliyewalipa, au wao wamekulipa wewe uwaondolee?"

"Cheka tu. Julai utalala humo."

"Na hao panya?"

"Panya nishawapa notisi."

Garth alitaka kuipeleka kwa fundi. Noreen alikataa. Alikuwa na saluni yake mjini, mikono yake ilikuwa imezoea mikasi na vichwa vya watu, lakini jikoni mwake kila kabati alikuwa amelifunga mwenyewe, na hakuona kwa nini winchi iwe muujiza. Aliifungua, akakuta waya wa pembe ya nne umekatika ndani ya bomba lake, akanunua mwingine, akaupitisha. Jioni ya siku ya pili paa lilipanda lote, bila hata kulalamika. Alilishusha na kulipandisha tena, kwa raha tu ya kuliona.

Haja yake hasa ilikuwa baba mkwe.

Mzee Wasyl Baran alikuwa amelima ngano maisha yake yote, na vumbi la nafaka lilikuwa limemla mapafu. Sasa aliishi nao, kwenye chumba cha chini ya nyumba, na mashine iliyomchujia oksijeni mchana na usiku kupitia mrija mwembamba uliokaa puani. Tangu Garth akiwa mtoto, mzee hakuwahi kukosa kiangazi hata kimoja kwenye Ziwa Good Spirit, na hema lake la kijani na ndoano zake. Kiangazi kilichopita hakwenda. Alikaa dirishani sebuleni akiwatazama majirani wakipita na tela zao nyuma ya magari, na jioni hakula. Noreen aliliona lile akalihifadhi moyoni.

Kwa hiyo kabla hajashika hata sindano, alikwenda kuongea na muuguzi wa kliniki ya mapafu. Muuguzi alimjibu wazi: umeme usikatike, moto usikaribie oksijeni, mtungi wa akiba uwepo, na mzee asipandepande.

Noreen akatoka na tela nzima imeshakamilika kichwani. Jiko la gesi aliling'oa ndani, akalitengenezea rafu ya kukunja ubavuni kwa nje, mbali na mlango. Kipasha joto cha gesi alikitupa. Chini ya benchi aliweka betri mbili kubwa na chaja, ili umeme wa kambini huko ziwani ukikatika, mashine iendelee kama kawaida. Vile vitanda vya kuvuta vilikuwa juu mno kwa mtu asiye na pumzi, basi akaondoa meza na viti vya kulia, akaunda kitanda cha chini, katikati, hatua moja tu kutoka mlangoni. Kwenye mlango alifunga kishikio kutoka ngazi ya nyumba iliyobomolewa. Turubai alilishona juu ya meza ya jikoni kwa uzi uliopakwa nta, viraka juu ya viraka, binti yake Tessa akilalamika kwamba familia nzima inakula imesimama.

Mzee Wasyl alitazama yote hayo kutoka dirisha la sebuleni. Hata siku moja hakutoka.

"Mimi ni mtu wa hema," alisema mezani. "Nimelala chini tangu utotoni. Hicho ulichokinunua ni banda la kuku lenye magurudumu."

"Basi kuku wangu wa kwanza ni wewe, Baba. Ongeza viazi."

"Sipandi humo."

"Hakuna aliyekwambia upande. Kuna hatua moja tu."

Tessa alicheka hadi maziwa yakamtoka puani. Mzee akaendelea kula, na Noreen akaona kwamba ameongeza viazi.

Jumamosi moja ya Juni, Noreen akiwa amelala chali chini ya tela anafunga nyaya, alisikia magurudumu ya mtungi mdogo wa oksijeni yakikwaruza saruji. Kisha viatu viwili vikubwa vikasimama karibu na kichwa chake. Viatu vikapanda hatua ile moja. Tela ikainama kidogo. Mara sauti ikatoka ndani.

"We Noreen! Hiki kitanda umempimia nani?"

Alijiburuta akatoka, akachungulia. Baba mkwe alikuwa amejilaza kitandani na mikono kifuani kama askofu, na miguu yake yote miwili, kuanzia chini kidogo ya magoti, ilining'inia hewani. Noreen alikuwa amekipima kwa kulala mwenyewe. Naye ni mfupi, na ukoo wa Baran wote ni warefu kama milingoti.

"Nimejipimia mimi," alisema, uso ukimwaka.

"Ndiyo maana nikauliza. Kama ni cha yule mtoto wako, kinamtosha." Mzee alicheka, akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Niletee mkanda wa kupimia. Na ule msumeno wangu, si hicho kitu chako chenye meno ya panya."

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Mzee alikaa kwenye kiti cha kukunja na mtungi wake pembeni, anaamrisha, na Noreen anakata. Waligombana kuhusu kila bawaba. Mzee ndiye aliyesema mashine ya oksijeni isikae sakafuni, kwa sababu ikinguruma sakafu nzima itanguruma nayo na hakuna atakayelala; ining'inizwe kwa mikanda ya mpira. Noreen alibisha, wakajaribu, tela ikanyamaza. Noreen hakukiri kwamba amekosea, alimletea mzee kahawa.

Kitanda kilipokuwa tayari, mzee alitangaza kwamba atalala humo usiku mmoja, pale pale uani, kukijaribu. Asubuhi hakurudi ndani ya nyumba. Wala asubuhi iliyofuata. Kule chini alikokuwa akilala, dirisha lilitazama ukuta. Huku alifungua zipu ya turubai akaona miti, mbwa wa jirani, na kila anayepita barabarani. Watu walianza kusimama kumsalimu. Alikuwa akinywa kahawa mlangoni, amevaa kofia, kama mtu anayekusanya ada ya kiingilio.

"Baba, huu ni uwanja wa kuegesha gari," Garth alimwambia.

"Najua. Egesha kwingine."

Hivyo ndivyo Sonia alivyomkuta. Sonia alikuwa dada mkubwa wa Garth, anaishi Saskatoon, na alikuja bila kupiga simu. Aliegesha barabarani, akamwona baba yake nje na mrija puani, ndani ya sanduku la turubai, akaja moja kwa moja kwa Noreen bila hata kuvua miwani ya jua.

"Wifi, umemtoa baba yangu nje ya nyumba?"

"Amejitoa mwenyewe. Jaribu kumrudisha uone."

"Sifanyi utani."

"Hata mimi. Mwezi ujao tunakwenda ziwani, naye anakwenda."

Sonia akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa safari. "Mwaka juzi, baba alipoanguka, ni nani aliyemkuta? Wewe? Ni mimi. Midomo ilikuwa ya buluu. Nilidhani ameshakwenda. Wewe unashona mapazia, mimi kila simu ikilia moyo unasimama. Umeme ukikatika huko porini, utafanya nini?"

Noreen alikuwa na majibu mengi mdomoni, mengine makali. Aliyameza. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu ile midomo.

"Njoo," alisema. "Chomoa waya wa umeme mwenyewe."

Walikwenda ubavuni mwa tela. Sonia alisita, kisha akauvuta waya kwa nguvu ukaanguka kwenye majani. Taa nyekundu ikawaka, ikageuka kijani, betri zimepokea kazi. Ndani, mashine iliendelea kupumua kwenye mikanda yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Sonia aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda, akaisikiliza muda mrefu. Baba yake alimsukumia kikombe cha kahawa, kikapoa mkononi mwake.

"Kuna kitanda cha nyuma hakina mtu," Noreen alisema kutoka mlangoni. "Usituamini. Njoo utulinde."

"Nitakuja," Sonia akajibu. "Na sitaosha vyombo."

Julai walikwenda. Siku ya kwanza ilikuwa tulivu, maji ya joto na mchanga mweupe. Mzee alivua samaki akiwa ameketi gatini, Sonia amesimama nyuma yake na mtungi wa akiba kama mlinzi wa benki. Siku ya pili, mchana, Noreen, Garth na Tessa walikuwa majini mbali kidogo mbingu ilipobadilika rangi upande wa magharibi. Upepo ulikuja mara moja, na mvua nyuma yake. Walikimbia ufukwe mzima. Noreen aliona miavuli ikiruka, na hema moja likivingirika kuelekea vichakani. Kambi yote ilikuwa imezimika umeme. Alikuwa amelifunga kila fundo la ile tela kwa mkono wake na aliliamini kila moja, lakini miguu yake ilikimbia kama ya mtu asiyeamini chochote.

Tela ilikuwa imesimama. Alivuta zipu.

Sonia alikuwa amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni. Alikuwa amefunga madirisha yote, amekaza kamba za nje peke yake kwenye upepo ule, kisha akapanda kitanda cha nyuma kuongeza uzito upande unaopigwa. Baba yake alikuwa amejinyoosha kwa urefu wake wote kitandani kwake, karata mkononi. Taa ya mashine ilikuwa kijani.

"Funga mlango, tunalowa," mzee alisema. "Na msimsumbue Sonia, ananidai mchezo."

"Anaiba karata, wifi," Sonia akasema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Noreen alipanda kando yake na nguo za kuogelea zinachuruzika, akamshika bega. Wakaketi hivyo hadi mvua ikatulia.

Siku ya kuondoka palizuka ugomvi mmoja tu. Garth aliposhika mpini wa winchi kushusha paa, baba yake alimpokonya.

"Baba, tumeziba njia ya kutokea, magari yanasubiri nyuma yetu."

"Yana viti. Yakae."

Alizungusha mara chache, akasimama kupumua huku ameegemea ubavu wa tela, mtungi miguuni pake. Akazungusha tena. Paa lilishuka kidogo kidogo, na nyuma yao foleni ya magari ikarefuka hadi kwenye choo cha kambi. Hakuna aliyepiga honi. Noreen na Sonia walikunja turubai kutoka pande mbili, wakibishana kwa sauti ya chini ni pembe ipi inatangulia kuingia, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia mzee.