Makofi ya Kilo

Makofi ndiyo yaliyomponza Salme. Mwezi uliopita, kiwanjani karibu na Barabara ya Jogoo, diwani Wakoli aliuliza, "Nani hapa hataki umeme wa jua?" Jamani, nani angelikataa jua? Akaagiza makofi ya kilo kwa wageni, yale ya kupigwa kwa kuhesabiwa, na watu wakapiga kwa adabu tu, kama desturi ilivyo. Salme alipiga mpaka viganja vikamuwasha.

Kumbe makofi yale ndiyo yaliyohesabiwa kuwa idhini! Juzi wachuuzi wa kiwanja kile wakaambiwa kuwa wananchi wameshaukubali mradi, na kwamba paneli zitasimikwa papo hapo penye vibanda vyao. Kibanda cha mahamri kilichomlea Salme na wanawe tangu awe mjane, kivunjwe!

"Paa la ukumbi wa mtaa pale ng'ambo liko tupu, jua linalichoma kutwa," alimwambia jirani yake Triza, muuza sukuma wiki. "Kwa nini wasiziweke huko?"

"Utamuuliza nani, Mama Rayyan? Mikutano yao ni ya makofi tu."

"Basi safari hii hatupigi."

"Thubutu! Ukihesabiwa moja, mbili, tatu, mikono inajipiga yenyewe."

Salme akacheka, maana ni kweli. "Basi tuipe kazi."

Siku ya kuuidhinisha mradi rasmi, Wakoli alifika kiwanjani na afisa wa kaunti. Wanawake walikuwa wameketi mbele. Salme alikuwa na beseni mapajani, mikono imezama kwenye unga. Triza alikuwa akikata sukuma, wengine wakimenya viazi. Hata Mzee Abdurahim, fundi viatu, alikuja na sindano yake.

"Mama, weka beseni chini kidogo," Wakoli akasema.

"Uniwie radhi, mheshimiwa. Unga haungoji. Masikio yangu hayana kazi, nakusikia."

Watu wakaangua kicheko. Wakoli akausifu mradi mpaka jasho likamtoka, kisha akapaaza sauti, "Makofi ya kilo! Moja, mbili, tatu!"

Kisu cha Triza tu ndicho kilichosikika. Afisa alipiga kofi moja, akajiona yuko peke yake, akaacha.

"Kwani... kuna swali?" akauliza.

Salme akasimama, akainua mkono uliojaa unga hadi kiwikoni.

"Lipo. Paa lile la ukumbi lina kasoro gani?"

Watu wote wakageuka kulitazama. Afisa naye akageuka.