Kosa la Kugonga Bodi

Mke wangu ndiye bosi wangu, na anayetaka kucheka acheke upesi maana basi linaondoka.

Miaka kumi na moja alikuwa konda wangu, njia namba saba, kutoka stendi kuu hadi hospitali. Mimi mbele na usukani, yeye mlango wa nyuma na mkoba wa tiketi. Kwa kelele zile hatukuweza kusikilizana, kwa hiyo tuliongea kwa bodi. Akigonga bodi la basi mara moja, nasimama. Akigonga mbili, twende. Sikuwahi kuondoka bila mbili zake, hata abiria wanitukane hadi babu yangu. Uchumba wenyewe niliuomba kwenye foleni ya taa nyekundu, nikapaza sauti, akagonga mbili.

Halafu akaanza masomo ya jioni. Akawa karani wa ratiba, akawa mkuu wa ratiba, akawa meneja wa uendeshaji. Mimi nilibaki na saba yangu, maana viti vya kuzunguka vinanitia kizunguzungu. Mwaka jana mkurugenzi mkuu wa shirika letu la mabasi alistaafu, mke wangu akakaimu. Kukaimu ni kuvaa kiatu cha kuazima, muda wote unaangalia kama mwenyewe anakuja. Na kweli akaja bwana mmoja, mtaalamu wa usafirishaji mwenye shahada tatu, ambaye nadhani basi amelipanda kwenye picha. Alishaanza kutamba kwamba akipewa kiti atafagia wote waliotoka gereji. Bodi ya Wakurugenzi ikaamua kuwasaili wote wawili siku moja.

Mke wangu akaingiwa na hofu. "Dere, usithubutu kumwambia mtu nilikuwa konda."

"Konda, mficha uchi hazai."

"Na usiniite Konda! Mdomo wako hauna breki."

Wiki nzima alikariri maneno marefu mbele ya kioo cha kabati: mikakati endelevu, uboreshaji shirikishi. Nikimwambia chai inapoa, ananijibu suala hilo atalifanyia tathmini.

Siku ya usaili akasahau miwani nyumbani. Nikampelekea, nimevaa sare yangu, ni mapumziko ya zamu. Katibu muhtasi akaipokea, akaiingiza ndani, akaniambia nipumzike kwenye benchi. Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa chumba cha Bodi, na ukuta wenyewe ni mbao nyembamba, unasikia hata mtu akimeza mate.

Mwenyekiti wa Bodi akauliza, "Kwa nini basi la asubuhi la njia saba linachelewa kila siku?"

Nikacheka peke yangu. Swali la bure hilo! Mtu aliyetembea na basi lile siku mbili tu analijua jibu.

"Kwa kuzingatia changamoto mtambuka," mke wangu akaanza, "katika muktadha wa uboreshaji shirikishi..."

Mtu akakohoa. Mwenyekiti akapiga miayo mpaka nikaisikia. Naye anazidi kwenda na maneno yake, anapita kituo baada ya kituo, hashushi mtu. Haki ya Mungu, niliumia. Nikajiambia, mzee, tulia. Mkono haukusikia. Nikagonga ukuta mara moja. Ko!

"Shiriki..." akasema, akakatika hapo hapo.

Sasa ndipo akili ikanirudia. Nimemharibia mke wangu kazi aliyoihangaikia maisha yake yote! Miguu ilitaka kukimbia. Lakini dereva hatelekezi basi katikati ya barabara. Nikagonga mbili.

"Waheshimiwa," ikaja sauti, na safari hii ilikuwa ile ya mlango wa nyuma. "Basi la saba linachelewa kwa sababu ratiba inampa mgonjwa nusu dakika kushuka pale hospitali. Mgonjwa wa mguu anahitaji dakika mbili. Najua kwa sababu nimewashusha kwa mikono yangu hii miaka kumi na moja. Nilikuwa konda. Na hiyo ratiba niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa karani, ili nimfurahishe bosi. Nilikosea. Nipeni kiti niirekebishe. Mkimpa mwenzangu, basi mwambieni kwanza akapande saba."

Hakuna aliyekohoa.

"Na anayegonga huko nje ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Dereva wangu," akasema. Kisha, "Ni mume wangu."

Kiti akapewa. Siku ya tatu akaniita ofisini, akanisukumia karatasi, barua ya kwanza aliyoisaini kama Mkurugenzi Mkuu. Yah: Onyo. Umepatikana na kosa la kugonga Bodi.

"Unanipa onyo mimi, mumeo?"

"Nikikuacha watasema shirika linaendeshwa na mume wangu. Saini."

"Wee! Bila mimi kugonga, ungekuwa..."

Akagonga meza mara moja. Nikasimama na maneno yangu mdomoni, nikasaini. Nilikuwa nimeudhika, nisidanganye. Nikaelekea mlangoni bila kuaga.

Nimeshika kitasa, nikasikia nyuma yangu, ko ko.

Nikageuka. Alikuwa anafuta miwani, na macho pia.

"Kuanzia Jumatatu, Dere, pale hospitali ni dakika mbili," akasema. "Haya, nenda, abiria wanasubiri."

Nikashuka ngazi mbio.