Uani kwa Mwenye Eda

Debe la kwanza liliingia uani kwa Asia likiwa limefunikwa kanga, juu ya kichwa cha Bibi Adija, jirani yake, ambaye kwa miaka yake sabini hakuwahi kuficha kitu isipokuwa umri. Alilitua, akahema, akafunua. Ndani mlikuwa na shina la asumini, matawi yake yamefungwa kamba kama kuku wa kupelekwa sokoni.

"Nitunzie, mwanangu," alisema. "Kwako haingii mwanamume."

Ilikuwa kweli. Asia alikuwa na siku tisa tangu amzike mumewe, Hilali, fundi cherehani, na alikuwa amekaa eda kama dini inavyomtaka mjane: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila hina wala wanja, bila manukato, bila kuonana na wanaume wasio maharimu zake. Hata Bwana Kipriani, aliyekuwa hahofii mlango wa mtu, angeliheshimu hilo.

Kipriani huyo alikuwa bwana shamba, kijana wa kutoka Njombe, mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa hata kwenye tope la Kasulu. Mwaka ule wa sabini na nne nchi nzima ilihimizwa kilimo cha kufa na kupona, na hakuna aliyepinga; nani anapinga chakula? Lakini Kipriani akaongeza chumvi yake mwenyewe. Kila ua wa mjini upandwe mahindi, alisema, na kila kisicholiwa king'olewe.

Mahindi, jamani, katika nyua za mtaa ule wa zamani! Ni mtaa uliojengwa na watu waliopanda kutoka Ujiji na biashara ya chumvi na nguo, nyumba zimebanana kama meno, na nyuma ya kila nyumba kuna kiua cha kutandika mikeka minne, jua linachungulia kwa saa mbili tu kisha linakwenda zake. Humo wanawake walikuwa na mirehani yao, mchaichai, waridi, mkomamanga mmoja mmoja. Mpita njia hakuona kitu ila kuta za udongo. Harufu tu ndiyo ilimwambia. Sasa jembe lilikuwa likipita ua kwa ua, na mtu aliyesoma akisimama juu yake kuhesabu mashimo ya mahindi.

Asia alilitazama lile debe akaogopa. Tangu aolewe hakuwahi kukaidi mtu. Hilali hakuwa mume mbaya. Alikuwa mtu wa kuamua. Aliamua rangi ya mlango, kitoweo cha Ijumaa, hata mahali pa kuanika nguo, na kila sauti za barabarani zilipopanda alimwambia mkewe neno moja: kaa ndani. Alikaa miaka ishirini na sita. Lakini utamrudisha vipi mzee na debe lake kichwani? Lisilo budi hutendwa. Akalipokea.

Kesho yake yakaja matatu. Wiki haikuisha, Maximilla, Mha wa nyumba ya pili, muuza ndizi, akabisha hodi kwa salamu yake ya kila asubuhi, "Mwakeye, dada," naye kabeba mti wa umubirizi, dawa ya tumbo ya watoto wake, ambao nao kwa bwana shamba haukuwa chakula. Wengine walileta katika sufuria zilizotoboka, wengine katika makapu ya nguo za kufua. Kipriani alipobisha, Bibi Adija alikuwa barazani akimsubiri. Alimweleza habari ya eda kwa upole mkubwa mno. Kijana akahesabu kwa vidole, akaandika tarehe ya eda kwisha katika daftari lake, akaahidi kurudi siku hiyo hiyo wala si nyingine. Asia alisikia yote nyuma ya mlango, kashikilia komeo.

Hofu hiyo ilimtoka lini, mwenyewe hakujua. Labda siku aliyosogeza waridi karibu na ukuta wa mashariki, likakubali. Mrehani aliuweka kivulini, akaona amekosea, akauhamisha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Maji ya kutawadhia aliyamwaga kwenye mashina. Na asumini ikachanua, hiyo ndiyo iliyomwuma, kwa sababu mwenye eda hajipambi kwa ua wala hajitii harufu. Maua yalianguka chini kila asubuhi, meupe, naye akayafagia. Alimlilia Hilali huku akifagia, na mara nyingine alilia kwa hasira, akajishangaa.

Huko kwa majirani mahindi yalitoka membamba, ya manjano, yakalala kabla ya kubeba.

Siku mbili kabla ya eda kwisha, Bibi Adija alikuja na shauri. Mwezi ulikuwa na mawingu, alisema. Nani atajua kama umeandama leo au kesho? Asia aseme hesabu ilimpotea, aongeze siku kumi, ikibidi ishirini, mpaka huyu kijana ahamishwe.

Asia alimtazama mzee yule aliyempenda kama mama. "Hilali nimemlilia kwa haki yake, bibi," alisema. "Simgeuzi kuwa komeo la mlango."

Siku ilipofika, alioga, akavua nguo za msiba, akavaa kanga nyekundu. Kipriani alibisha saa tatu, jembe begani. Asia akafungua mwenyewe, kwa mikono yake miwili, mpaka mwisho.

"Pole na msiba, mama," alisema Kipriani. "Ila amri unaijua."

"Naijua. Pita."

Alipita, akasimama. Madebe yalijaa ukuta hadi ukuta, yamebaki mapito ya mtu mmoja.

"Haya yote ni ya nani?"

"Yangu."

Barazani Bibi Adija alikohoa. Kijana alitua jembe, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mtu wa ofisi. "Nimeona kwetu watu wakila mbegu, mama. Mbegu. Maua hayaliwi."

Asia alimwonea huruma, ya kweli, lakini hakusogea. "Shamba langu la muhogo liko ng'ambo ya kijito, kalipime. Nimelima na nitalima. Lakini miaka ishirini na sita nimeambiwa nikae ndani, nikakaa. Ndani ndiko huku, baba. Ndani ni kwangu. Ukitaka kung'oa, ng'oa mwenyewe. Mimi sitakushikia hata tawi."

Kisha akatandika mkeka katikati ya madebe, akaketi, akamwacha amesimama na jembe lake. Akaokota maua ya asumini yaliyoanguka alfajiri, akayaweka mapajani. Tangu yachanue alikuwa akiyafagia tu. Alilamba ncha ya uzi, akautia kwenye sindano aliyoichomeka kangani, mara ya kwanza tu, akaanza kutunga, ua kwa ua, bila haraka, wala hakuinua macho kuona jembe linakwenda wapi.