Gari la Bosi Halikohoi

Mpimaji wa moshi wa magari alipiga magoti nyuma ya lori, akachomeka mrija wa mashine kwenye bomba lake la moshi. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na hakuwahi kuifanya. Siku zote mrija ulikaa kwenye gari dogo jipya la bosi, linalounguruma pembeni kama paka aliyeshiba. Magari yalipita, moshi uliopimwa ukawa wa hilo hilo, yote yakafaulu.

Lakini lori hili alilijua. Ndilo lililomwaga masizi dirishani kwake kila alfajiri, mwanawe akiamka anatapatapa, mbavu zikiingia ndani. Jana mtoto alimzimikia mikononi. Na gari likipata taa nyekundu, sheria inasema halitoki getini.

Mashine ikalia. Nyekundu.

"We dada, umelogwa?" Tajiri wa lori alicheka. "Lori langu lifeli?"

"Limefeli, mzee. Lisitembee mpaka litengenezwe."

Bosi akatoka ofisini akifuta mdomo. Akaitazama taa, akautazama mrija ulipo. Kofi lilimwangusha mpimaji chini.

"Nani kakutuma?"

"Mwanangu hapumui, bosi. Ni moshi huu huu..."

"Kumbe ana hamu na moshi wangu," tajiri akasema. "Si mumpe?"

Bosi akamkamata nywele, akamsukumiza uso kwenye bomba.

"Kanyaga mafuta!" tajiri akamwamuru dereva. Dereva akasita. "Kazi huitaki?"

Lori likanguruma. Moshi mweusi ukamjaa puani, kooni, machoni. Alipojishikiza ajinasue, kiganja kikagandia kwenye chuma cha moto. Alitaka kupiga yowe, sauti haikutoka.

Foleni ikaanza kupiga honi.

"Jamani, tutalala hapa?" mtu akafoka. "Mpigieni pembeni, sisi tupite!"

Bosi akamwachia. Akahamishia mrija kwenye gari lake. Kijani.

"Bandika stika ya kufaulu."

Hakuweza. Ngozi ya kiganja ilikuwa inaning'inia. Dereva akashuka, akaibandua stika mwenyewe, akaibandika kiooni, akailainisha kwa kidole gumba isibaki na hewa.

"Pole, dada," alinong'ona bila kumtazama. "Na wangu anakohoa."

Akapanda, akaondoka.

Gari la nyuma likasogea. Mkono ukatokeza dirishani, vidole vikimwita.

"Stika, mama. Changamka."