Kisu cha Mfukoni mwa Mzee Léonce

Kule Ufaransa, kwenye uwanda wa Aubrac, mwanamume hali kwa kisu cha mwenye nyumba. Anakaa mezani, anatia mkono mfukoni, anatoa chake cha kukunja, anakifungua, ndipo chakula kinaanza. Visu vya kabatini, vile vya ncha butu, huwekewa watoto na wageni kutoka Paris. Kwa hiyo Jumapili ile mzee Léonce Vaissade alipotoa kisu na kuanza kukata soseji, hapakuwa na ajabu yoyote. Ila mwanawe Cyprien aliacha uma hewani, kwa sababu kisu kile hakikuwa kile cha siku zote.

Kile cha siku zote mzee alikitengeneza mwenyewe ujanani, na kwa kunolewa miaka nenda rudi, bapa lake lilikuwa jembamba kama dagaa. Cyprien alikuwa akisubiri kife. Naam, tuseme ukweli: mtu mzima, fundi wa visu mwenye jina lake, anasubiri kisu cha baba yake kife ili baba achukue cha kwake. Kila siku ya kuzaliwa ya mzee alimpelekea kimoja, mpini wa pembe safi, bapa la kutazamika, na kila mara mzee alikigeuzageuza mkononi akasema, "Kizuri. Kauze." Basi, hakuna zaidi. Cyprien akarudi nacho karakana na donge moyoni.

"Baba, hicho umekipata wapi?"

"Mfukoni," mzee akajibu huku akitafuna.

"Nani kakitengeneza?"

"Wewe nawe! Kwani huijui tupa ya mkeo?"

Aliijua, tena vizuri mno. Kila fundi huchora mgongo wa springi, chuma kinacholibana bapa, kwa tupa yake, na mchoro huo ndio sahihi yake. Wa Cyprien ni punje za ngano. Huu ulikuwa wa majani madogo madogo, majani ya Nadège, mkewe, aliyekuwa akiuza stempu hadi posta ya kijiji ilipofungwa. Na aliyemfundisha kushika tupa si mwingine, ni Cyprien mwenyewe.

Nadège akaiva uso hadi masikioni. "Mimi sikumpa, jamani. Kaokota mwenyewe kwenye sanduku la vilivyokataliwa. Pembe yake ina ufa."

"Mimi siuli ufa," mzee akasema. "Nakula soseji."

Kilichokataliwa! Hapo ndipo roho ilipomuuma Cyprien hasa. Takataka ya mkewe imeingia mfuko ambao kazi zake bora kabisa hazikuwahi kuingia. Viazi vilivyopondwa na jibini, chakula ambacho siku nyingine humaliza hadi kulamba mwiko, akavisukuma kando. Akasingizia tumbo.

Wiki hiyo akawa mtu wa vijembe. Meza zao za kazi zinatazamana, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Nadège akiuliza ilipo tupa nyembamba, anajibiwa, "Muulize baba mkwe wako, yeye ndiye anayewajua mafundi." Akiimba, anaambiwa anyamaze.

"Cyprien, una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Una wivu."

"Wivu wa nini? Wa kisu chenye ufa?"

"Ndiyo. Wa kisu chenye ufa." Nadège akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, maana hakikuwa na ubaya hata kidogo. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Usiku wakalala kila mtu akielekea ukuta wake.

Siku ya Ijumaa Nadège alikwenda kuchukua pembe. Mzee akaja karakana kuota moto kama kawaida yake, akakiweka kisu juu ya meza, akasinzia kwenye kiti. Cyprien akakichukua. Alijiambia kwamba ni kukitazama tu. Akakifungua, akakifunga. Springi ilikuwa laini. Visu vya Cyprien hufunguka kwa nguvu na kujifunga kwa kishindo, na wanunuzi huvisifia kwa hilo. "Springi ya bibi kizee," akanong'ona. Akatafuta kasoro nyingine. Bapa lilikuwa limekaa katikati sawasawa. Makali yalikuwa safi. Ule ufa wenyewe, mpaka uutafute. Kadiri alivyokosa cha kulaumu ndivyo alivyozidi kuwaka.

Akawasha jiwe la kunolea la mashine, kavu, bila tone la maji. Kelele haikumwamsha mzee. Amelala nayo maisha yake yote. Na hakuna fundi asiyejua hili: bapa likiungua juu ya jiwe hadi kugeuka buluu, limekwisha. Litang'aa, litapendeza, lakini halitashika makali tena. Cyprien alilibana pale, akaona manjano, kisha kahawia, kisha buluu ikipanda kutoka makalini hadi mgongoni. Angeweza kuutoa mkono kwenye manjano, lakini hakuutoa. Halafu akalipoza, akaling'arisha mpaka buluu ikafutika, akalinoa, akakirudisha kisu palepale. Mzee alikuwa bado anakoroma.

Jumapili kulikuwa na nyama ya kuoka. Kisu kikakata pande la kwanza, la pili likakipa taabu, kisha kikaanza kuteleza juu ya nyama. Mzee akapima makali kwa kidole gumba. Akakandamiza, nyama ikakimbia sahanini na mchuzi ukamwagika.

"Kimekufa hiki," akasema. Hakuwa na hasira, alishangaa tu.

"Lete nikione, Baba," Nadège akasema.

Akaenda nacho dirishani, akakichunguza kwenye mwanga. Mgongo wa bapa alikuwa ameupiga tupa pia, mitaro midogo ambayo kitambaa cha kung'arishia hakiingii. Ndani ya mitaro hiyo buluu ilikuwa imebaki. Akamgeukia mumewe, akamtazama. Akakikunja kisu, akakitia mfuko wa aproni, akarudi kuketi, na Cyprien akatamani mkewe amtukane hadharani.

"Haya, Cyprien," mzee akasema. "Nipe chako."

Maneno aliyoyangoja tangu ujana. Na pamoja na uovu wote alioufanya, moyo wake ukaruka kwa furaha, bila haya. Akatoa kisu chake, akakifuta kwa leso, akampa baba yake kwa mikono miwili.

Mzee akalibana bapa kwa vidole, akavuta. Halikuja. Akafuta vidole kwenye suruali, akavuta tena, amekaza midomo. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, vimepinda, na Cyprien akaelewa kwamba havikuvimba leo wala jana. Bapa likainuka kidogo, vidole vikateleza, springi ikalirudisha kwa kishindo. Mzee akajaribu mara nyingine na kishindo kikawa kilekile.

"Vyako mimi sivifungui," akasema, macho kwenye sahani. "Miaka sasa. Kile cha zamani kilikuwa kimelegea kama mimi, ndiyo maana tukavumiliana mpaka kikavunjika. Hiki cha Nadège kilifunguka. Nikafurahi, basi. Sikutaka mjue."

Nadège akainuka taratibu, akafungua kabati, akashika kisu kimoja cha ncha butu.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema. "Hicho hapana." Akaisukuma sahani yake mbele ya Cyprien. "Nikatie wewe."

Cyprien akakifungua kisu chake. Akaikata nyama ya baba yake vipande vidogo vidogo, kama vya mtoto, ameinamisha uso asikutane na macho ya mkewe. Kisu kilikata vizuri sana.