Meza Isiguswe

Kifuniko cha sufuria kiligonga jikoni kabla ya alfajiri. Mama alikuwa keshaamka kumchemshia bintiye chai.

"Leo ndiyo wanaihamisha meza yako?"

"Wajaribu!"

Mama alicheka, akamfungia mkate wa watu wawili. Alimjua bintiye, hakuwa mtu wa kula peke yake.

Maabara aliyofanyia utafiti binti ilikuwa chumba kidogo chenye mapazia mazito. Mezani, mwale mwembamba wa taa ulipita kwenye kidirisha cha betri ndogo kama kifungo cha koti, ukatua juu ya punje moja ya grafiti, ile ya kwenye penseli. Grafiti ni tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Betri ikichajiwa, lithiamu, metali nyepesi ya betri, hujipenyeza katikati ya tabaka hizo, grafiti ikapokea elektroni na kubadilika rangi: nyeusi, buluu, nyekundu, mwisho dhahabu. Mwanga unaorudi ndio unaosimulia, kwenye skrini ya pembeni. Meza ikitikisika, punje inapotea kwenye mwale, na kazi ya msimu mzima nayo.

Tangu juzi punje ilikuwa imegoma kwenye wekundu.

Mkuu wa idara aliingia na mchukuzi wa mizigo, toroli ikilia magurudumu.

"Binti, hiyo betri imekufa. Mashine mpya inasubiri nafasi."

"Haijafa, mzee. Inakwenda polepole."

"Meza inatoka!"

Binti akasimama mbele ya meza, mikono kaitanua. "Basi nibebeni mimi kwanza."

"Inua," mkuu alimwamuru mchukuzi.

Mchukuzi aliinama. Kwenye skrini aliiona punje, nyekundu kama kaa la moto. Akajishika kiuno.

"Mzee, mgongo umekataa."

"Si asubuhi umebeba kabati!"

"Ndilo lililonimaliza."

Mkuu alisonya, akaenda kutafuta mwingine.

Binti na mchukuzi wakakaa sakafuni wakila mkate, hawakuegemea chochote, hata kukohoa waliogopa.

"Dada," mchukuzi alinong'ona, "hebu ona pembeni."

Ukingoni mwa punje palikuwa na uzi wa dhahabu, mwembamba kama mwanga chini ya mlango. Ukapanuka.

Viatu vilisikika koridoni, jozi zaidi ya moja. Mchukuzi aliinuka taratibu, akailaza toroli kiubavu mlangoni, ikaziba njia.

"Imeharibika gurudumu," alisema, akipangusa makombo mdomoni.

Binti hakubandua macho kwenye skrini.

"Kesho naitoa lithiamu, punje irudi kuwa nyeusi," alisema. "Uje tena uione, kaka. Meza utaikuta hapa hapa."